Koti la Muasya na Kinu cha Memsahibu

Ukimkaribisha Muasya chai nyumbani kwako, jiandae kuaibika. Hatasema kitu. Atakiinua kikombe mpaka usawa wa dirisha, atakizungusha polepole, kisha atakunywa, au atakuomba kitambaa. Mimi ameniomba kitambaa mara tatu kwa miaka yote tuliyojuana. Mara zote tatu nilikasirika, na mara zote tatu kikombe kilikuwa na alama za vidole.

Naitwa Aketch, ingawa Thika nzima iliniita Mama Apiyo kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mwaka wa 1958 nilikuwa nafunga vidonda katika kliniki ya Daktari Indravadan, si mbali na stesheni ya reli. Nyuma ya kliniki palikuwa na maabara ya chumba kimoja, na nyuma ya maabara palikuwa na sinki. Kwenye sinki ndipo alipokuwa Muasya. Alitoka upande wa Machakos akiwa kijana, akaosha chupa za soda kwa mwajiri mwingine miaka miwili, kisha Daktari akamchukua aoshe vyombo vyake vya kioo. Siku hizi watu wakimsifu husema alikuwa mtu msafi, basi, wanaishia hapo. Nami nikiwasikia natamani kuwapiga kofi, maana usafi ndio uliotuingiza matatani, na sifa anayostahili ni nyingine kabisa.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe ili tusipotezane. Penisilini ilipofika kwetu mara ya kwanza, ilikuwa kama mchezo. Jipu lilichomwa sindano leo, keshokutwa limenywea. Watu wakaipenda sindano kupita kiasi. Mtu akiumwa na kichwa anataka sindano, akikosana na mkewe anataka sindano. Kukatokea na wachomaji wa mtaani waliotembea na bomba la sindano mfukoni, wakimpa huyu nusu dozi na yule robo. Vijidudu vikaonjeshwa dawa kidogo kidogo mpaka vikaizoea. Kufikia mwaka ule, nilikuwa na wagonjwa wa majipu ambao ungeweza kuwachoma penisilini mpaka wakafanana na chujio, na usaha ukaendelea kutoka.

Daktari alilijua hilo kwa kupima. Alichukua usaha kidogo, akaupaka juu ya kisahani cha kioo chenye jeli iliyochanganywa na damu ya kondoo. Katikati aliweka kidoti cha karatasi kilicholoweshwa penisilini, kisha kisahani kikalala kwenye sanduku la joto hadi asubuhi. Vijidudu vikiwa vimekufa, kidoti huzungukwa na duara safi. Visipokufa, huota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama nyasi zilizofika mlangoni kwa mtu mvivu. Mwaka ule tuliona nyasi nyingi, duara chache.

Kazi ya Muasya ilikuwa kuhakikisha kwamba kijidudu kilichoota kimetoka kwa mgonjwa, hakikutoka kwenye chombo. Alichemsha, akasugua, akaosha kwa dawa ile ile niliyooshea vidonda, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ukiitikisa inatoa povu. Baadaye alisuuza kwa maji yaliyochemshwa, kwa kuwa Daktari alimlazimisha, na vyombo vikaingia kwenye oveni. Sehemu ya kusuuza hakuipenda. Aliona kwamba chombo kilichooshwa kwa dawa kisha kikapitishwa kwenye maji kimerudishwa nyuma. Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka nikachoka.

Na alikuwa na hamu moja, nayo niliijua kwa sababu hakuweza kuificha. Alitaka koti jeupe. Waosha vyombo walivaa kaki. Koti jeupe lilikuwa la mpimaji, mtu anayepaka usaha, anayesoma visahani na kuandika kwenye daftari. Daktari peke yake ndiye aliyekuwa nalo. Katika jengo lile hakuna Mwafrika aliyewahi kulivaa, na Muasya kwa miaka mitano alilipiga pasi koti la Daktari kila Ijumaa kana kwamba analilea.

Kila Jumatano tulifunga sanduku, tukapanda gari la Daktari, tukaenda Ruiru. Watu wengi wa kule walikuwa wakikaa kwenye vijiji walimokusanywa na serikali kwa ajili ya Hali ya Hatari na hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, basi ilikuwa rahisi sisi kuwafuata. Tulitibu kwenye stoo iliyo nyuma ya duka la Manubhai, katikati ya magunia ya sukari na madebe ya mafuta ya taa.

Huko ndiko nilikokutana na shingo ya Kagwe. Kagwe alifanya kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa katika shamba moja la pale, na alikuwa na jipu kisogoni lililomfanya atembee kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Daktari alimchoma penisilini Jumatano ya kwanza. Jumatano ya pili jipu lilikuwa limeongezeka, na kisahani chake kilikuwa kimejaa nyasi. Jumatano ya tatu nilikuwa nimeandaa kisu. Kagwe akaingia akigeuza shingo huku na huku, akisalimia watu wa kushoto na wa kulia bila sababu yoyote ila kuonyesha kwamba anaweza.

"Nani alikutibu?" Daktari akamuuliza.

"Ni cucu Warigia, Daktari. Ule wa Gitothua. Amenipaka ndongu."

Ndongu ni lile tunda la mtunguja, la manjano, la miiba, linaloota ovyo kando ya njia na kwenye malisho. Hakuna anayelipanda. Hata mbuzi hulipita. Mimi mwenyewe nililijua tangu utotoni kama kitu cha kurushia wenzangu.

Daktari angekuwa mtu mwingine angecheka. Yeye alimtuma Kagwe amwite huyo bibi. Warigia akaja, mwembamba, mwenye macho makali, ndongu tano zimefungwa kwenye pembe ya leso. Nilimpenda papo hapo kwa sababu hakumwogopa mtu.

"Hii si ya kukula," alisema. "Ukikula utaumwa na tumbo mpaka ujute. Unaweka kwa jivu ya moto, inaiva mpaka ngozi inakunjamana. Unakata hapa kwa kichwa, unakamua kwa jipu. Basi."

"Moto hapana," Daktari akasema. "Moto naua dawa. Mimi natwanga mbichi."

Warigia akamtazama vile mtu anavyomtazama mpishi anayeanza kupika ugali kwa maji baridi. "Haya. Wewe ndio Daktari."

Kesho yake Muasya alichuma tunguja kando ya Mto Chania, akajaza kofia yake. Sasa tukatafuta cha kutwangia. Maabara haikuwa na kinu kikubwa. Daktari akakiazima cha mkewe, Surekha, ambaye sote tulimwita Memsahibu. Kilikuwa kinu cha jiwe, kizito kama dhambi, alichopewa na mama yake alipoolewa. Alikileta mwenyewe, akakitua mezani, akasema anakitaka Jumamosi.

Kilinuka vitunguu saumu, bizari na miaka ishirini ya masala. Daktari alikinusa akakunja uso. "Muasya, osha hii sana. Saumu pia naua vijidudu. Mimi hapana taka kupima chakula ya memsahib."

Kumwambia Muasya aoshe sana ni kumwambia samaki aogelee. Alikisugua kwa brashi. Alikisugua kwa majivu. Akakilaza mchana kutwa kwenye karai la dawa ya vidonda, akabadilisha dawa, akakilaza tena mpaka asubuhi. Oveni haikukitosha. Kwa kuwa hakingeingia kwenye oveni, aliona ni hatari kukisuuza kwa maji na kukiacha kikauke hivyo hivyo, kinaweza kuokota kitu. Akakitoa kwenye dawa, akakiacha kikauke peke yake. Daktari hakuuliza. Harufu ya saumu ilikuwa imekwisha.

Siku ya Ijumaa tunguja zikatwangwa. Daktari akapaka usaha wa kutoka Ruiru kwenye visahani, ule mkaidi kuliko wote, akatoboa tundu kwenye jeli, Muasya akadondoshea maji ya tunguja. Pembeni wakaweka kidoti cha penisilini.

Jumamosi asubuhi Daktari alifungua sanduku la joto, akaniita kwa jina langu halisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Penisilini ilikuwa imezungukwa na nyasi. Tunguja ilikuwa na duara safi, pana kuliko shilingi. Visahani vyote sita.

Sijui kama mnaelewa nilivyohisi. Nilikuwa nimefungua na kufunga vidonda vile kila siku kwa mwaka mzima. Nilijua majina ya wenyewe. Nilitazama lile duara nikataka kulia, na nikaenda kuwaambia wagonjwa waliokuwa barazani kana kwamba nimejifungua mimi.

Daktari alikuwa na furaha ya mtoto. Kila mwezi madaktari walikutana Nairobi kusomeana habari za kazi zao, na yeye kwa miaka sita alikuwa akikaa kiti cha nyuma bila kusema neno. Mkutano uliofuata ulikuwa Alhamisi ile inayokuja. Aliagiza jalebi kutoka dukani, akatugawia kwa mkono wake, kisha akamgeukia Muasya.

"Wewe toka leo hapana osha chupa. Wewe mpimaji."

Kinu kikaondolewa mabaki ya tunguja kwa brashi na maji, kikarudishwa jikoni kwa Memsahibu, ng'ambo ya ua wa kliniki. Jumapili Daktari na mkewe walikwenda kula kwa jamaa zao Nairobi, lakini kabla ya kuondoka Memsahibu alikaa kwenye cherehani, akapunguza koti moja la mumewe, akalishonea jina kwa uzi mwekundu juu ya mfuko: MUASYA.

Jumatatu asubuhi alilivaa. Mungu wangu, alivyolivaa. Hakukaa kitini kutwa ile asije akalikunja. Alipita barazani mara nne akitafuta kitu ambacho hakikupotea. Wagonjwa wakasimama kumpisha. Mimi nilimtania kwamba sasa itabidi tumwombe miadi, lakini moyoni nilijivuna kuliko yeye.

Saa nne, kama kawaida, Memsahibu alituita kwenye mlango wa jikoni tunywe chai ya tangawizi. Nilipiga funda moja nikalitema kwenye maua. Ilikuwa chungu, na juu yake palielea povu jeupe lisilokuwa la maziwa.

Memsahibu naye akaonja, akakunja pua. "Huyu Nzioka," akasema. Nzioka ndiye aliyetuletea maziwa kwa baiskeli. "Naweka sabuni kwa maziwa. Kesho nafukuza yeye."

Nikamuunga mkono. Nzioka nilikuwa sina neno naye, ila nilipenda chai yangu. Kisha nikamwona Muasya. Alikuwa amekiinua kikombe usawa wa macho, akakizungusha polepole, akitazama lile povu. 

"Memsahibu," akasema, "hii tangawizi ulitwanga na nini?"

"Na kinu yangu. Iko safi sana, asante."

Akakiweka kikombe kwenye ngazi, akaondoka. Nilimfuata mpaka sinki. Aliniambia kwa sauti ya chini, na nilipoelewa nikahisi kama nimekanyaga hewa. Jiwe lilikuwa limekunywa dawa ya vidonda usiku kucha. Lilipotwangiwa tunguja likaitema ndani ya tunguja. Lilipotwangiwa tangawizi likaitema ndani ya chai. Duara letu zuri, pana kuliko shilingi, huenda lilikuwa la dawa yangu mwenyewe kutoka kabati langu mwenyewe.

Basi nilisema neno ambalo nimeliandikia habari hii yote. Nilimwambia, "Nyamaza, Muasya."

Sikumwambia kwa ubaya. Nilimwambia huenda tunguja pia inaua, nani ajuaye. Shingo ya Kagwe si imepona? Nilimwambia Daktari asome karatasi yake Alhamisi, wamheshimu, halafu tutapima tena taratibu. Nilimwambia ukweli mwingine pia, kwamba nimefanya kazi katika jengo lile miaka saba na leo ndiyo siku ya kwanza nimeona mtu wetu ndani ya koti jeupe, na sitaki kuona likivuliwa saa sita mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana, na hilo lilinitisha.

Saa sita alirudi jikoni akamwomba Memsahibu kinu. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayamimina ndani ya kinu, akaanza kutwanga. Maji matupu. Mpaka siku ile nilidhani kutwanga maji ni maneno tu ya kumsema mtu anayejisumbua bure. Yeye aliyatwanga kwa dakika zile zile alizotwanga tunguja, amekunja mikono ya koti lake jipya, jasho linamtoka, na Memsahibu amesimama mlangoni akijiuliza kama vyeo vinaharibu akili.

Daktari alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mjini. Muasya akachukua visahani vitatu, akapaka usaha kama alivyomwona Daktari akifanya kwa miaka mitano, akatoboa matundu, akadondoshea maji ya kinu. Ndicho kipimo chake cha kwanza akiwa mpimaji. Nilimwona akiandika kwenye daftari, herufi moja moja, na nikamwambia kwa hasira kwamba ni mjinga. Akasema, "Huenda, Mama Apiyo." Jioni hiyo nilienda nyumbani bila kumuaga.

Jumanne asubuhi tulifungua sanduku la joto pamoja, mimi na yeye. Maji yaliyotwangwa yalikuwa na duara safi, pana kuliko shilingi. Visahani vyote vitatu.

Akalivua koti. Akalikunja vizuri, mikono ndani, jina juu. Akaweka kisahani kimoja juu ya koti kama mtu anayebeba sinia, akaingia kwa Daktari. Mimi nilibaki mlangoni.

"Daktari, hii ni maji," alisema. "Maji tu, na kinu. Mimi nililaza kinu kwa dawa na sikusuuza. Chai ya jana pia ni mimi. Si Nzioka."

Daktari alitazama kile kisahani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena kana kwamba duara lingeweza kuwa limepungua. "Wewe naharibu kazi yangu," akasema. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. "Keshokutwa mimi nasimama mbele ya watu."

"Ndiyo, Daktari."

"Nani nakufundisha kupima maji?"

Muasya akafikiri. "Hakuna mtu. Ukifua shati na doa inabaki, unaangalia kwanza maji ya kufulia."

Daktari akasema aache vitu vile mezani atoke. Koti likabaki kwenye meza. Muasya akarudi kwenye sinki katika kaki yake, akaosha chupa kutwa nzima, akazisuuza zote kwa maji yaliyochemshwa. Mtu yeyote asiniambie kwamba alikuwa ametulia. Nilimwona akiosha chupa moja mara tatu.

Jumatano tukaenda Ruiru. Daktari, kwa sifa yake, alimwita Warigia akamweleza kila kitu mbele yetu sote, kinu, dawa, chai na yote. Bibi alisikiliza mpaka kwenye chai, hapo akashindwa, akacheka mpaka akashika gunia la sukari asianguke.

"Lakini mulitwanga ya nini?" akauliza alipopata pumzi. "Mimi sijatwanga hata siku moja. Nilisema jivu. Hii ngozi ndio sufuria yake. Moto inaosha nje, ndani inabaki yenyewe."

 Nilimwona Daktari akiipima ile sentensi kichwani. Tunda lililochomwa limeoshwa na moto kwa nje na bado limefungwa kwa ndani, halihitaji kinu, halihitaji karai, halihitaji Muasya. Manubhai akatuletea jiko la makaa kutoka uani. Warigia akachuchumaa akamwonyesha Muasya jinsi ya kuligeuza tunda kwenye jivu, na wakati gani wa kulitoa, akimpiga kidole kila alipoharakisha.

Saa tisa tulikuwa Thika. Daktari akasema, "Fanya wewe," na akasimama nyuma ya Muasya, mikono mfukoni. Muasya akachoma tunguja kwenye jivu safi, akakipitisha kisu kwenye moto, akakata kichwa, akayavuta maji kwa mrija wa kioo uliotoka kwenye oveni. Tundu moja tunguja. Tundu moja maji yaliyochemshwa. Pembeni kidoti cha penisilini. Alifanya yote akiwa na kaki. Koti sikuliona tena mezani na sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi asubuhi tulikuwa wanne mbele ya sanduku la joto, maana hata Memsahibu alikuja, unga mikononi. Penisilini ilikuwa na nyasi mpaka ukingoni. Maji yalikuwa na nyasi mpaka ukingoni. Tunguja ilikuwa na duara. Lilikuwa jembamba, upana wa punje ya mtama, ulilazimika kuinamisha kisahani ulione vizuri. Lakini lilizunguka tundu lote bila kukatika, kwenye visahani vyote sita.

"Ndogo," Daktari akasema.

"Ndogo, Daktari," Muasya akakubali.

"Lakini ya kwake."

Akaondoka mchana kwenda Nairobi. Alirudi usiku, na sisi tukapata habari Ijumaa, saa nne, mlangoni mwa jikoni. Alisimama. Alisoma. Watu wawili walicheka kidogo kuhusu matunda ya porini, na bwana mmoja mwenye ndevu akauliza swali ambalo lingemmaliza kama angekuwa na lile duara la kwanza: anajuaje kwamba kinachoua si uchafu wa vyombo vyake? Daktari akafungua sanduku akatoa kisahani cha maji ya kinu. Akawasimulia mpaka kwenye chai. Baada ya hapo, alisema, hakuna aliyecheka, na watatu walimfuata mlangoni wakitaka kuandikiwa namna ya kulichoma tunda lile.

Msitarajie zaidi ya hapo. Hakuna dawa iliyotoka dukani kwa ajili yetu. Daktari mwenyewe alinionya nisiwaahidi wagonjwa kitu, kwa sababu kuua vijidudu kwenye jeli ni kazi moja na kuviua ndani ya mtu ni nyingine, na jipu la Kagwe huenda lilikuwa limeamua kupona lenyewe. Tuliendelea kupima matunda mengine miaka iliyofuata, mengi yakatoka bila duara lolote, na Warigia akawa anatuletea kila kilichoota Gitothua.

Lakini ile Ijumaa, baada ya kusimulia, Daktari aliingia garini akatoka na furushi. Lilikuwa koti. Alikuwa amevifungia visahani ndani yake visivunjike kwenye mashimo ya barabara, na kimoja kilikuwa kimevunjika hata hivyo. Jeli na damu ya kondoo vilikuwa vimetapakaa mgongoni.

"Fua," akamwambia Muasya, akamtupia.

Muasya akalidaka.  Nilimwona akienda nalo kwenye sinki, mabega yameshuka kidogo, akaliloweka kwa maji baridi kwanza ili damu isigande. Alilifua, akalianika, akalipiga pasi kama alivyolipiga pasi koti la Daktari kila Ijumaa kwa miaka mitano. Saa kumi alilileta likiwa limekunjwa, akaliweka mezani kwa Daktari, akageuka kwenda zake.

"Hii ya nani?" Daktari akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Koti, Daktari. Ile ya kufua."

"Mimi nauliza ya nani. Soma."

Muasya akatazama mfuko. Uzi mwekundu haukuwa umechuja hata kidogo. Akasoma jina lake kwa sauti, polepole, kama mtu anayejikuta kwenye orodha ya waliopita mtihani, halafu akalivaa, na vidole vyake vikakosea vifungo viwili.

Nililia, ndiyo, na sijali. Jumatatu iliyofuata Memsahibu alikwaruza tangawizi kwa kisu, maana kinu alikuwa amekiweka nje kukaliwa na kuku, na kikombe cha kwanza akampa Nzioka wa maziwa, ambaye hakujua kwa nini na hakuuliza. Nikamvuta Muasya kando. Nikamwambia anisamehe kwa lile neno nililomwambia kwenye sinki.

Alikiinua kikombe chake usawa wa mlango, akakizungusha, akaridhika.

"Neno gani, Mama Apiyo?" akasema, akanywa.